IP inaonyesha Uholanzi, lakini njia unamuuliza nani?

Juzi kati hapa Mwanjelwa, Mbeya, baridi ile ya mwezi wa saba imeshika kisawasawa, mtu unafungua kibanda saa tatu badala ya saa mbili, akaja dogo mmoja anasoma chuo hapa hapa mjini, kompyuta kwapani, anacheka mwenyewe. Shikamoo kaka. Marahaba. "Kaka, mimi saa hizi niko Uholanzi." Akafungua kompyuta, kweli bendera ipo, VPN, ile programu ya kukutokeza mtandaoni kupitia nchi nyingine, imewaka kijani, ukurasa wa kuangalia IP, yaani namba yako ya mtandaoni, umeandika Amsterdam. Kwa dogo mambo yalikuwa yameisha. Nikamwambia sogeza stuli, washa tena hotspoti yako, tufanye na jaribio la pili, la DNS, yaani seva ipi inakutafutia njia ya tovuti. Jaribio la pili likaleta orodha, na ndani yake seva mbili za Tanzania, zote mbili zina jina la kampuni ya laini iliyokuwa kwenye simu yake mfukoni. Kicheko kikaisha pale pale.

Sasa naandika hii kwa sababu dogo hayuko peke yake, wengi wanaishia kwenye bendera. Na tuanze na IP yenyewe maana hata hapo pana mkanganyiko.

Kifaa chako kikiwa mtandaoni kwa kawaida kina IP ya ndani na IP ya nje. Chukua nyumba ya wapangaji pale Soweto, vyumba nane, mita ya LUKU moja. Ndani mnajuana, huyu chumba cha tatu, yule cha sita, lakini TANESCO habari za vyumba hawana, wao wanajua namba ya mita basi. Namba ya chumba ndiyo IP ya ndani, inagawiwa na ruta au hotspoti, na namba ya mita ndiyo IP ya nje, ile ambayo tovuti unazozitembelea zinaiona. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, IP unayoikuta pale mara nyingi ni ya chumba. Utaijua kwa sura: imeanza na 192.168, au imeanza na 10 kisha nukta, au iko kati ya 172.16 na 172.31. Hizo zilitengwa kwa matumizi ya ndani, kila mtu duniani anaruhusiwa kuzitumia kwake, ndiyo maana 192.168.1.5 ipo kwako, ipo kwa jirani, na ipo Iringa kwenye nyumba kibao muda huu huu.

Mnakumbuka Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipotoa tangazo kwamba wanaotumia VPN wapeleke taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule, na IP ikiwa mojawapo? Alikuja mzee mmoja hapa na karatasi ameandika vizuri kabisa kwa peni, 192.168.0.102, anataka nimsaidie kutuma. Nikamwambia mzee hii ni sawa na kuulizwa unaishi wapi ukajibu chumba cha uani. Cha uani kwa nani?

Ya nje unaiona vipi sasa? Unafungua tu tovuti inayokuambia, zipo nyingi, mimi natumia ifconfig.me nikitaka namba peke yake bila mbwembwe, na ipleak.net nikitaka na mambo mengine tutakayoyaona huko mbele. Dogo aliniuliza kwa nini kompyuta yenyewe isiniambie mpaka niende kuuliza nje. Ni kwa sababu namba inabadilishwa njiani, ruta au mitambo ya kampuni ya simu inafuta namba ya chumba inaweka ya mita ndipo inatuma, kwa hiyo kompyuta yako haijawahi kuiona. Nyani haoni kundule, anaambiwa na aliye nyuma yake.

Ukishaiona usipaniki na mji unaoandikwa. Mjomba wangu yuko Mafinga na mambo yake ya mbao, siku moja akanipigia usiku ana hofu kweli, kaona ukurasa umemwandikia Dar es Salaam, akajua kuna mtu kamuingilia simu. Hamna kitu mjomba. IP haina GPS ndani yake, zile tovuti zinakisia kutoka kwenye madaftari ya nani kapewa namba zipi na anazitolea wapi, na data za laini nyingi za huku kwetu zinapita kwanza kwenye mitambo ya kampuni iliyoko Dar ndipo zinatoka duniani. Hivyo uko Mbeya, uko Njombe, uko Tunduma unatazama Zambia ng'ambo, unaandikwa Dar. Nchi mara nyingi wanapatia, mji ni kubahatisha. Kinachokuhusu zaidi pale ni jina la kampuni inayomiliki hiyo namba, hilo liandike pembeni kabla hujawasha VPN, tutalihitaji.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo ni muhimu kulijua. IPv4, yaani hizi namba za mafungu manne, jumla yake ni kama bilioni 4 na milioni 294 hivi, na watu duniani tumeshapita bilioni 8, kila mtu na simu yake, wengine mbili. Ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, sisi Afrika tunagawiwa na AFRINIC wa Mauritius na hata wao wanapima kwa kijiko. Kwa hiyo kampuni za simu zinafanya kama mwenye nyumba bahili, mtaa mzima mita moja. Wateja wengi sana wanatokea nje kwa IP moja, na huko ndani wanapewa namba za kuanzia 100.64 mpaka 100.127, fungu lililotengwa 2012 kwa kazi hiyo tu. Ndiyo maana wakati mwingine unafungua tovuti unaambiwa umetuma maombi mengi mno, jaribu baadaye, na wewe ndiyo kwanza umeamka. Kafanya mwingine wa mita yenu.

Na ndiyo maana yule kaka mwenye ghala la viazi Uyole alihangaika wiki nzima na kamera zake. Alitaka akiwa Makambako aone ghala lake kwenye simu, fundi akamfungulia mlango (port) kwenye ruta, hola, akafungua tena, hola. Nilipoenda nikaangalia namba moja tu, ile IP ruta inayosema ndiyo ya nje, nikalinganisha na ile ya ifconfig.me. Ruta inasema 100.72 na kadhalika, tovuti inasema kitu kingine kabisa. Maana yake ruta yenyewe nayo ni mpangaji, mita iko mbali, ufungue milango mpaka kesho hakuna mtu wa nje atakayefika. Akahamia kwenye kamera za kupitia seva ya kati, zikafanya kazi siku hiyo hiyo. Alinipa debe la viazi, ndaga sana.

Sasa tuje kwenye DNS, hapa ndipo dogo alipokwama.

Wewe unaandika jina la tovuti, mtandao unaenda kwa namba. Lazima awepo wa kugeuza jina kuwa namba, na kazi hiyo ndiyo DNS, imekuwepo tangu 1983. Mimi huwa naielezea kwa balozi wa nyumba kumi. Umefika mtaa usioujua, unataka nyumba ya fulani, unamuuliza balozi, kama anajua anakuonyesha hapo hapo, kama hajui anatuma mtu akaulize kisha anakuletea jibu. Balozi wako wa kawaida ni seva ya DNS ya kampuni ya laini yako, hukumchagua, ulipowasha tu data ukapewa. Na maswali yenyewe kwa utaratibu wa zamani yanapigwa kelele barabarani, hayajafichwa, yanapita mlango namba 53 na yeyote aliye njiani anasoma.

VPN inachofanya ni kuchimba handaki. Wanaopanda TAZARA wanayajua yale mahandaki kati ya Mlimba na Makambako, treni ikiingia, aliyekaa juu ya mlima haoni behewa wala abiria mpaka itokeze upande wa pili. Data zako zinaingia handakini hapa, zinatokeza Amsterdam, tovuti inaona namba ya Amsterdam. Safi. Lakini kama swali la jina halikuingia handakini, likabaki linaenda kwa balozi yule yule wa laini yako, umefanya kazi bure kwa sehemu kubwa. Ni sawa na mtu katoka usiku kajifunika shuka mpaka macho, kazunguka njia ya migombani asionekane anaenda kwa mganga, halafu kafika kwa balozi kagonga, "samahani mzee, kwa mganga ni nyumba ipi?" Balozi hajakuona ukiingia, lakini kuna haja gani ya kukuona? Huko ndiko kuvuja kwa DNS. Kampuni ya laini haioni ulichosoma ndani, inaona orodha ya majina uliyoyauliza na saa uliyouliza, na hiyo orodha inasema mengi kuliko unavyodhani.

Jaribio la kukamata uvujaji limebuniwa kijanja sana, na wengi wanalibonyeza bila kujua linafanya nini. Ukifungua dnsleaktest.com au ipleak.net, ukurasa unatunga majina ya ovyo ambayo hayajawahi kuulizwa na mtu, herufi na tarakimu zimechanganywa tu, kisha unailazimisha brauza yako iyatafute. Kwa kuwa ni mapya, hakuna balozi mwenye jibu kichwani, kila balozi itabidi atume mtu mpaka kwa mwenye jina. Na mwenye jina ni nani? Ni wale wale wenye ukurasa. Wao wanakaa mlangoni wanasubiri tu nani atakuja kugonga kuuliza hilo jina la ajabu, anayegonga wanaandika IP yake na kampuni yake, wanakurudishia orodha. Hawajaichungulia kompyuta yako kabisa. Pale dnsleaktest kuna jaribio fupi na kuna refu, tumia refu, linarudia maswali mara nyingi zaidi maana kompyuta inaweza kuwa na mabalozi watatu na safari ya kwanza ikamuuliza mmoja tu.

Kusoma majibu: ukiona seva zote ni za kampuni ya VPN, au angalau za kule VPN ilikotokeza na jina la laini yako halipo, uko vizuri. Ukiona jina la kampuni yako ya laini, lile tuliloandika pembeni, hata mara moja katikati ya seva kumi, inavuja. Wingi wa seva peke yake siyo tatizo, kampuni moja inaweza kuwa na seva nyingi.

Ila kuna mtego mmoja na huu hata mafundi wanaingia. Umejiwekea mwenyewe balozi mwingine wa DNS, 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, umewasha VPN, jaribio linasema Google, unashangilia hakuna kampuni ya laini. Subiri kwanza. Jaribio linaona nani aligonga mlango wa mwisho, halioni swali lako lilipita barabara gani kumfikia huyo. Kama swali lilienda Google likiwa nje ya handaki, tena kwa ule mtindo wa mlango 53 wa kupiga kelele, kampuni ya laini imelisoma likipita na ukurasa bado utakuandikia Google vile vile. Hapo tovuti haikusaidii tena, inabidi uangalie pakiti zenyewe, yaani vifurushi vya data vinavyosafiri, ufungue Wireshark, programu ya kuvichungulia, kwenye kadi ya waifai, siyo ile ya VPN, uchuje mlango 53 uone kama kuna kitu kinapita. Kikiwa kimya wakati unafungua tovuti mpya, sawa.

Na kinyume chake pia kipo, watu wanadhani kuficha DNS peke yake kunatosha. Kuanzia Android 9 ya 2018 kuna sehemu kwenye mipangilio imeandikwa Private DNS, ukiiweka maswali yako yanasafiri yamefungwa, kitu kizuri, mimi mwenyewe ninayo. Lakini bila VPN kampuni bado inaona namba unazoziendea na mara nyingi hata jina la tovuti, kwa sababu brauza inalitaja mwanzoni kabisa wakati wa kusalimiana na seva. Balozi hujamuuliza, ila amekuona unaingia.

Turudi kwa dogo. Kwake nilikuta sababu mbili, na ndizo za kila siku. Ya kwanza ni Windows yenyewe. Tangu Windows 8 ina tabia ya kuuliza mabalozi wote inaowajua ili ipate jibu haraka, wa VPN na wa waifai kwa pamoja, nia yake ni kasi, siri haimhusu. Programu nzuri za VPN zinaizuia, na ya dogo ilikuwa na kitufe cha kuzuia DNS isivuje, kimezimwa tangu siku ya kwanza, hakuwahi kuingia kwenye mipangilio, yeye alibonyeza kitufe kikubwa cha kijani tu. Ya pili ni IPv6. Hizi ni zile namba ndefu zenye herufi na nukta pacha, nyingi mno haziishi, na mtandao wake ulikuwa unazitoa. VPN yake ilikuwa inachukua IPv4 tu kupeleka handakini, IPv6 inapita juu ya mlima mchana kweupe. Ndiyo maana ipleak.net ilipomaliza kupakia kulikuwa na IP mbili, ya Uholanzi juu, na chini yake namba ndefu ya Tanzania. Yeye alikuwa anatazama ya juu.

Tulibonyeza kile kitufe, tukazima IPv6 kwenye kadi ya waifai kwa kuondoa tiki moja, tukafunga brauza tukafungua upya. Ukurasa huo huo una sehemu ya WebRTC, ule ufundi wa kupigiana simu za video ndani ya brauza, nao 2015 ilikuja kuonyeshwa hadharani kwamba tovuti inaweza kuutumia kuuliza IP yako halisi huku VPN imewaka. Brauza za sasa zinaificha ile ya chumba, ya mita bado inaweza kuchomoza, iangalie. Kwake ilikuwa imetulia. Jaribio refu la DNS likaleta seva moja, ya kampuni ya VPN, Uholanzi. Dogo akaanza kufunga kompyuta.

Nikamwambia bado. Zima hotspoti hesabu mpaka kumi, washa, halafu rudia jaribio kabla hata VPN haijasema imeunganika. Mtandao wetu unakatika katika, unaujua, mvua kidogo tu inayumba, na VPN ikidondoka kompyuta haisubiri, inaendelea na barabara ya kawaida, wewe hata hujui. Akazima, akawasha, akabonyeza. Katikati ya orodha ikatokea seva ya laini yake. Akanyamaza. Tukatafuta kwenye ile programu sehemu ya kukata intaneti yote VPN ikidondoka, nyingi wanaiita kill switch, tukaiwasha. Kwa wenye simu, Android inayo yake yenyewe kwenye mipangilio ya VPN, unaweka iwe imewaka muda wote na unazuia miunganisho isiyopitia VPN.

Akazima hotspoti tena, kumi, akawasha, akabonyeza jaribio haraka haraka. Ukurasa ukawa unazunguka tu, unazunguka, hakuna seva, hakuna bendera, hakuna kitu.

"Kaka mbona sasa intaneti imekata?"

Ndiyo dogo, imekata.